Koti la Mwalimu Juu ya Paneli

Mwalimu mkuu alistaafu kazi, lakini kujua hakustaafu, na majirani walikoma. Kwa hiyo siku paneli ya sola ilipofungwa juu ya bati la jiko lake, ni yeye aliyemweleza fundi ni wapi umeme unatoka.

"Ni joto," alisema. "Jua linachemsha kile kioo, umeme unatoka."

"Ni mwanga, mwalimu. Joto likizidi, paneli inapunguza hata kazi."

Fundi alikuwa binti ambaye mwalimu mwenyewe aliwahi kumpa sifuri ya sayansi. Ushahidi gani tena ulihitajika?

Umeme wenyewe ulikuwa wa mkewe. Alikuwa amepata mashine ya kutotolea vifaranga, akapanga humo mayai sitini. Siku ya ishirini na moja angeanza kuitwa mfugaji, baada ya maisha mazima ya kuitwa mke wa mwalimu. Mchana paneli ilijaza betri, usiku betri ikayapasha mayai joto. Mama wa watu alichora siku kwa chaki mlangoni.

Mwalimu naye alifua koti lake zito la sherehe na misiba. Kwa kuwa joto lote la mtaa, kwa elimu yake, lilikuwa pale juu, akapanda kigoda akalitandaza kwenye paneli. Kona moja tu ya paneli. Zilizobaki aliliachia jua, muungwana yule. Koti halikukauka siku hiyo, wala ya pili, wala ya tatu.

Asubuhi ya siku ya kumi na nane mkewe alikuta mayai yamepoa. Alikaa sakafuni akalia.

Fundi aliitwa mbio. Alipofika, mwalimu alikuwa ameshahukumu kesi: betri feki, mafundi wa siku hizi, dunia imeharibika. Binti alipanda na kipimo chake, akatazama, akaliinua koti kwa vidole viwili. Namba zikaruka.

"Shikamoo, mwalimu. Hili koti ni la nani?"

"Marahaba. Lakini ni kona moja tu hiyo!"

"Hivi vipande vyeusi vimeungana, umeme unapita kimoja hadi kingine. Ni kama watu wanaopokezana ndoo ya maji. Mmoja akilala, ndoo imeishia hapo. Kona moja imewafunga wote."

Mwalimu alikohoa.

Mkewe aliinuka, akalichukua koti, akaifunika mashine nalo.

"Baba wee, si unajua joto? Haya, kaa hapo uatamie mpaka betri ijae."

Akakaa. Mwalimu mkuu mzima, amekumbatia mashine ya vifaranga mpaka alasiri, na watoto wa jirani wakichungulia dirishani.

Siku ya ishirini na moja vilitoka vifaranga arobaini na kimoja. Mkewe alifurahi mpaka akasahau kununa, kwa muda. Kisha akayapanga mayai kumi na tisa yaliyokufa kwenye trei, akaiweka juu ya meza ya kusomea ya mumewe, akaenda zake.

Mwalimu aliyatazama kutwa nzima. Jioni fundi alipopita kukagua nyaya, alimkuta amemwekea kiti, na yeye mwenyewe amekaa kwenye kigoda, daftari mapajani.

"Mwalimu," mzee akamwambia yule binti, "hebu nieleze tena ule mwanga."