Tecla Alikula Kabla ya Wageni

Tecla wa Roret hakuwahi kuficha ugonjwa wake wa sukari. Alichuma majani chai yake mwenyewe, amevaa gambuti na soksi nene hata jua likiwaka, maana kidonda kidogo mguuni kingeweza kumlaza hospitalini. Jioni aliosha miguu na kuikagua, kidole baada ya kidole. Akitembelea majirani alikunywa chai kavu bila sukari. Mwenye nyumba akinuna, shauri yake.

Aliyeona aibu ni shemeji yake Bethwel, mdogo wa marehemu mumewe. Siku ya koito, watu wa kijana Kipkurui walipokuja kumposa Nelvine, binti wa Tecla, Bethwel alimfuata Tecla jikoni.

"Mama Nelvine, leo hiyo sindano ukadungie stoo. Wageni wakiona, watasema tunawapa msichana wa nyumba yenye ugonjwa."

"Stoo ni ya mbolea," Tecla akasema. "Mimi si mbolea. Chakula kiko tayari?"

"Kinaletwa sasa hivi."

Akajidunga insulini tumboni palepale, mlango wazi, kisha akaenda kuketi na wageni. Lakini mzee mmoja alianza kutambulisha ukoo upya, mwingine akaomba dua ndefu. Sufuria zilibaki zimefunikwa. Mikono ya Tecla ikaanza kutetemeka, jasho likamtoka chini ya kitambaa cha kichwa. Alijua sukari imeshuka. Iliwahi kumwangusha katikati ya michai.

Akainuka dua ikiendelea, akamimina chai tamu ya wageni, akainywa yote. Akafunua ugali, akajipakulia, akaanza kula. Dua ikakatika.

"Mama, wageni hawajala," Bethwel akanong'ona.

"Naona. Lakini nimeshadunga dawa. Nisipokula sasa, mtaacha maneno ya ndoa mkatafute gari ya hospitali."

Shangazi wa Kipkurui akauliza polepole, "Na msichana naye anao huo ugonjwa?"

Tecla alimeza kwanza. "Hana. Na hata angekuwa nao, niangalieni mimi. Nachuma chai, nakamua ng'ombe, huyu nimemsomesha peke yangu. Kama mnatafuta mke ambaye hataugua maisha yake yote, mlango ni ule."

Nelvine aliinamisha kichwa. Kipkurui akamtazama mzee wake, naye mzee akakohoa. "Mungu ameshasikia," akasema. "Pakueni chakula."

Mazungumzo yaliendelea mpaka jioni, wakaelewana. Ila Bethwel aliondoka bila kuaga, na kwa wiki nyingi alipita langoni kwa Tecla akitazama upande mwingine. Hilo lilimuuma Tecla, kwa kuwa ndiye aliyesimama naye siku ya mazishi ya mumewe. Hata hivyo hakwenda kuomba msamaha.

Harusi ilipokaribia, alimwita msimamizi wa sherehe na kumwambia kwamba mama wa bibi harusi atakula saa saba, hotuba ziwe zimeisha au hazijaisha.