Kiwiko cha Bibi Kashindye

Leonsia alikuwa muuguzi asiyejua kurudi Mwanza mikono mitupu. Mwaka 1975 yeye na daktari wake walikwenda kijiji kimoja cha ujamaa huko Magu, kutafiti maumivu ya kiwiko kwa akina mama wanaolima pamba. Asubuhi nzima kila aliyeulizwa alijibu kwamba hajambo, maana huko kuumwa mkono wakati wa kulima hakukuhesabiwa ugonjwa. Daktari akafunga daftari, akaenda garini amenuna.

Leonsia akapita kumuaga Bibi Kashindye, mkulima mzee kuliko wote.

“Shikamoo, bibi.”

“Marahaba, mjukuu wangu.”

Bibi alimpa mkono wa kulia huku wa kushoto umeshika kiwiko, kama mdogo anavyomsalimu mkubwa kwa heshima. Tangu lini bibi akamnyenyekea mjukuu?

“Bibi, heshima yote hiyo ya nini?”

“Heshima gani? Nikiuachia mkono huu, unaniliza.”

Leonsia alitimua mbio mpaka garini, akamnyang'anya daktari daftari. Kisha akarudi kuwaamkia akina mama wote upya, mmoja mmoja, macho yakiwa kwenye mkono wa kushoto.