Wasifu Mmoja wa Marehemu Wote

Kwa miaka kumi na tisa, hakuzikwa mtu wa maana pale Mwanga bila Gervasi kumwandikia wasifu. Alikuwa na kibanda cha steshenari karibu na soko, na ndani ya kompyuta yake mlikuwa na wasifu mmoja tu. Mtu akifariki, Gervasi alibadilisha jina, tarehe na idadi ya watoto, akachapa. Marehemu wote walikuwa wacheshi, wakarimu na wacha Mungu, hata yule mzee aliyekuwa akiwarushia watoto mawe. Waombolezaji walikisifu Kiswahili chake kizito, naye akarudi nyumbani kifua mbele.

Ndiyo maana alinuna siku Wema, binti wa kaka yake, aliposema anakwenda chuo kikuu Dar es Salaam kusomea uandishi wa kubuni. Kwenye kikao cha ukoo Gervasi aliongea kwa upole ambao haukumdanganya mtu.

"Kutunga nako kunasomewa? Si bora uuguzi, mwanangu? Mimi nani alinifundisha?"

Ukweli ni kwamba aliona wivu. Ujanani alituma hadithi redioni, haikusomwa hata moja. Leo kasichana alikokafundisha yeye kushika penseli kanakwenda kupewa digrii ya kitu kilekile alichokitamani maisha yake yote!

Wema alirudi baada ya miaka mitatu, na Gervasi akawa anamvizia akosee. Aliyekosea akawa yeye. Kwenye msiba wa mzee Castory alisahau kurekebisha mstari mmoja, akasimama mbele ya jeneza na miwani yake, akasoma kwa sauti nzito: "Marehemu Castory ameacha mume na watoto sita." Mjane akaziba mdomo kwa kanga. Vijana waliokuwa wakipanga viti walikwenda kuchekea nyuma ya nyumba.

Mwezi uliofuata alifariki Veneranda, mama aliyeanika dagaa kwenye ufukwe wa ziwa pale Kibirizi tangu usichana wake. Wanawe walipita mbele ya kibanda cha Gervasi bila hata kugeuza shingo, wakaenda moja kwa moja kwa Wema.

Mchana ule Gervasi hakula. Alisikia kwamba Wema anashinda ufukweni na daftari, anawauliza maswali wanawake wa dagaa. "Ukurasa mmoja, siku mbili!" alimwambia mteja. "Ndiyo digrii hiyo." Siku ya mazishi aliwahi kiti cha mbele, huku akimwomba Mungu amsamehe, maana alikuwa anaombea mtoto wa kaka yake aaibike.

Wema hakuanza na kuzaliwa. Alisema Veneranda alikuwa na ugomvi wa miaka na kunguru mmoja wa Kibirizi, aliyempa jina la Mwenyekiti kwa sababu anakula kabla ya wenye mali. Alisema siku moja mvua ilikuja ghafla, kila mtu akakimbilia chanja yake ya kuanikia, na Veneranda akafunika kwanza dagaa wa jirani aliyekuwa amejifungua. Dagaa wake mwenyewe wakalowa, naye akalaani wiki nzima. Wanawake walicheka, na katikati ya kicheko wakaanza kulia. Bibi mmoja akawa anaitikia kwa Kiha, "Ego! Ego!", ndiyo, ndivyo alivyokuwa.

Gervasi naye alimjua kunguru yule. Alishamsikia Veneranda akimfokea mara nyingi, na haikuwahi kumjia akilini kwamba hilo ni jambo la kuandika. Kwa wivu hakuimba wimbo hata mmoja jeneza likiteremshwa.

Alipofika nyumbani alifungua kabati, akatoa wasifu wa mkewe, Honorata, aliyefariki miaka minne iliyopita. Aliuandika mwenyewe, na watu waliusifu sana. "Marehemu alikuwa mcheshi, mkarimu..." Gervasi akaketi kitandani. Honorata hakuwa mcheshi hata siku moja. Alimzika mkewe kwa maneno ya watu wengine.

Asubuhi alimkuta Wema uani kwa kaka yake, anamenya muhogo.

"Shikamoo, baba mdogo."

"Marahaba. Huko chuoni walikufundisha nini hasa?"

Wema akaweka kisu chini. "Mwaka wa kwanza walinifutia kila neno linaloweza kusemwa juu ya mtu yeyote. Nililia. Halafu wakanifundisha kuuliza."

"Miaka mitatu, kuuliza tu?"

"Na bado najifunza."

Gervasi akampa ile karatasi. Wema aliisoma yote bila kucheka, na adabu ile ikamchoma Gervasi kuliko vicheko vya msibani kwa Castory. Kisha Wema akafuta mikono, akachukua daftari.

"Mama mdogo akikukasirikia, alikuwa anafanyaje?"

Jibu lilimtoka Gervasi kabla hajalitafuta. "Alikuwa anapiga pasi shati langu la kanisani. Shati limeshanyooka, yeye anarudia, anarudia, hasemi neno, mpaka niombe radhi."

Aliishi na Honorata miaka ishirini na sita, na hilo hakuwahi kumwambia mtu, hata msibani kwake. Alimtazama binti wa kaka yake kwa wivu mtupu, machozi yanamlengalenga.

"Liandike hilo," akasema.

Wema akamkabidhi kalamu na daftari. "Andika wewe, baba mdogo. Mimi nitauliza."