Nilivyompima Mama Mkwe Mlangoni

Jamani, kuna aibu za kusimulia mkacheka na kuna aibu za kwenda nazo kaburini, na hii yangu nilikusudia kabisa kwenda nayo kaburini, ila kwa kuwa ukoo mzima wa mke wangu ulikuwepo ukaiona kwa macho yake, naona bora niiseme mwenyewe kabla hamjaipata kwingine ikiwa imetiwa chumvi (ingawa, kusema kweli, chumvi haihitaji).

Mke wangu Zuwena ana ndoto moja tu katika dunia hii, nayo ni kuwaona ndovu porini kwa macho yake, si kwenye simu. Nilimuahidi hilo tangu tulipooana, kisha fungate yetu tukaenda Salalah, hapa hapa nchini, kutazama mvua pamoja na mama yangu, shangazi zangu na jiko la gesi. Mwaka huu nikaona basi, imetosha. Nikampata wakala mmoja wa safari, dada mchangamfu wa Botswana, tukawa tunaandikiana kila siku mimi nikiwa kazini (bosi asisome hapa): tushukie Johannesburg, twende tukayaone maporomoko ya Victoria, kisha tumalizie kwenye kambi moja iliyo katikati ya maji ya Okavango, ambako ndovu wanapita nje ya hema unakokunywa chai. Watu wawili, mimi na mke wangu.

Sasa mnajua sisi tulivyo. Ukila mbele ya mtu, sharti useme karibu, na yeye sharti aseme ahsante, nimeshiba, hata kama ana njaa ya siku mbili. Basi siku tuliyokwenda Qurayyat kumuaga mama mkwe wangu, Bi Thurayya, nikamueleza safari yote, na nilipomaliza nikaona si adabu kunyamaza, nikasema, "Karibu, Mama, twende sote." Nilisema tu, kama mtu anavyosema karibu mbele ya sahani ya wali.

Bi Thurayya akanywa tone la mwisho la kahawa, akatikisa finjani kuonyesha imetosha, akasema, "Haya. Pasipoti nnayo mpya. Na Asila naye twende naye, hawezi kubaki peke yake."

Asila ni mdogo wake, wanakaa pamoja. Nikamtazama Zuwena anisaidie, nikamkuta analia, na analia kwa furaha, maana tangu baba yake afariki mama yake alikuwa hatoki ila kwa daktari na kwenye matanga, akiambiwa twende mahali anasema mumewe hayupo, aende kutazama nini. Njiani kurudi Zuwena akanishika mkono akaniambia, "Khalfan, Mama kasema haya! Akighairi na mimi siendi, nakwambia kabisa." Kwa hiyo ndoto ya mke wangu sasa ilikuwa inaning'inia kwenye neno moja la mama mkwe wangu, ambaye miaka yote ya ndoa hajawahi hata kuniita kwa jina. Kwake mimi ni "mume wa Zuwena", kama vile bado anangoja kuona kama nitadumu.

Nikamuandikia wakala kuwa sasa tuko wanne. Akafurahi, kisha akauliza: wageni wako wana kilo ngapi kila mmoja? Nikadhani anauliza mizigo. La, anauliza watu. Kumbe kule kambini mnapelekwa na kindege kidogo mno, rubani anapanga nani akae wapi kwa uzito, na abiria akizidi kilo mia anakatiwa viti viwili. Akataka kilo za kweli mpaka Jumamosi, la sivyo nafasi zetu anapewa mwengine.

Zangu nilimpa papo hapo, themanini na mbili. Lakini mama mkwe! Utamuangaliaje mama mkwe usoni, ukamuuliza, "Shikamoo Mama, una kilo ngapi?" Zuwena akasema atamuuliza yeye, dakika moja tu, mimi nikajifanya mwanamume nikamwambia niachie mimi. Neno hilo moja ndilo lililonimaliza.

Nikaenda dukani nikanunua mizani, nyembamba kama sinia, inayopeleka kilo moja kwa moja kwenye simu. Karatasi ya maelezo sikuisoma. Kuijaribu niliijaribu kwa kuigusa kwa mkono nikaachia upesi, simu ikaonyesha namba, nikaridhika (kupanda mwenyewe sikutaka, sababu mtaiona mbele). Kisha nikaalika ukoo wake wote chakula cha mchana Ijumaa, hapa kwetu Al Khuwair, nikaificha mizani chini ya zulia jepesi la mlangoni, na hesabu yangu ilikuwa hivi: mizani inataka mtu atulie kidogo, na salamu zetu hazimwachii mtu nafasi ya kutikisika, utaulizwa watoto, utaulizwa mguu, utaulizwa jirani wa mbali, yote umesimama pale pale mlangoni. Nilijiona nina akili za ajabu, wallahi.

Watu wakafika baada ya sala. Mkubwa huingia mwanzo, kwa hiyo Bi Thurayya akavua viatu, akapanda zulia, nyuma yake Bi Asila, nyuma yao mashemeji zangu na wake zao wamejaa kwenye korido mpaka kwenye lifti.

"Shikamoo Mama."

"Marahaba. Hamjambo?"

"Hatujambo. Habari za Qurayyat? Mguu umepoa? Wazima wote?"

"Wazima, alhamdulillahi, mguu—"

"ARBAA WA TISIIN KILO!"

Tisini na nne. Sauti ya mwanamke, Kiarabu safi cha kusoma habari, kubwa hata jirani wa mkabala akafungua mlango. Mizani ilikuwa inasema! Hakuna aliyeniambia kuwa siku hizi mizani zinasema.

Bi Asila akasema, "Bismillahi!" Bi Thurayya akatazama juu, akatazama nyuma, akauliza, "Nani huyo?"

Hapo ningesema ukweli tungekula tukamaliza. Lakini ulimi wangu ulikuwa umeshatangulia. "Ni simu, Mama," nikasema. "Mtu... mtu ananiuzia ng'ombe wa Idi. Ananitajia kilo zake."

"Ng'ombe wa kilo tisini?" Bi Thurayya akakunja uso. "Basi huyo anaumwa. Usimnunue."

Akageuka kidogo kumpisha mdogo wake, akatulia tena.

"ARBAA WA TISIIN KILO!"

Shemeji yangu mmoja akaanza kukohoa, nikajua si kikohozi. Bi Thurayya akanitazama taratibu, mimi natamani ardhi inimeze.

"Mume wa Zuwena," akasema, "ng'ombe gani huyo anatajwa kilo kila nikisogea mimi?"

Akashuka, akalifunua zulia kwa ncha ya mguu, na pale mbele ya ukoo mzima ikawa inang'aa mizani yangu na namba yake. Zuwena ndiyo kwanza anatoka jikoni na sinia la halua, akaiona mizani, akamuona mama yake, akaniona mimi, akaweka sinia chini. Uso ule sitausahau. Alikuwa ameshaanza kuwaaga ndovu.

Nikayasema yote kwa pumzi moja, kindege, rubani, Jumamosi, viti viwili, na kwamba niliona haya kumuuliza. Nilijua akivaa viatu vyake tu akarudi Qurayyat, basi, kila kitu kimekwisha, na mke wangu atalia tena, safari hii si kwa furaha.

Bi Thurayya hakuvaa viatu. "Mie napimwa kila mwezi kwa ajili ya sukari," akasema. "Kilo zangu daktari anazijua, Zuwena anazijua, hata dereva wa teksi anazijua. Ungeniuliza n'ngekwambia." Kisha akanyoosha kidole. "Wewe je? Una ngapi?"

"Themanini na mbili, Mama."

"Za lini?"

(Za siku nilipoajiriwa. Nilikuwa sijaoa.)

"Panda."

Nikapanda. Korido nzima ikasogea kusikiliza, na yule mwanamke, Mungu anamjua, akapaza sauti kuliko mara zote mbili.

"MIA WA KHAMSA KILO!"

Mia na tano. Kicheko kilichotoka pale sijawahi kukisikia maishani, Bi Asila akakaa chini kabisa, jirani wa mkabala akashika ukuta. Na Bi Thurayya, ambaye hajacheka tangu msiba, akacheka mpaka akajifuta machozi kwa ncha ya mtandio. Zuwena akawa anamtazama mama yake tu, hakula hata halua.

Jumamosi wakala akajibu kuwa katika wageni wanne mmoja tu ndiye wa viti viwili, yaani bwana, ila kilo zinaweza kurekebishwa mpaka wiki chache kabla ya safari. Bi Thurayya akakataa katakata nikatiwe kiti cha pili, akasema nipungue mpaka nifike mia. Akaichukua mizani kwenda nayo Qurayyat, akaiweka mlangoni kwake, bila zulia, na kila Ijumaa sipewi kahawa wala tende kabla yule mwanamke hajatangaza habari zangu, watu wote wametulia kimya wanasikiliza.

Mimi nimeshaapa, kitu nnachotaka kukijua kwa mkubwa wangu nitamuuliza kwa mdomo, na anitukane akitaka. Karibu pia siisemi tena ovyo, hata kwenye sahani ya wali.

Ijumaa iliyopita ilikuwa ndiyo ya mwisho kabla ya kumpelekea wakala kilo zangu za mwisho. Nikapanda, nimeacha wali, nimeacha halua, nimetembea ufukweni kila alfajiri, na mizani ikasema mia na moja. Nikainamisha kichwa. Bi Thurayya akatazama namba, akatazama huku na huku kama mtu anayetaka kuiba, akaninong'oneza:

"Vua saa, mwanangu."

Nikavua saa. Nikavua na kofia.