Kondoo Tano za Chuma na Jua la Kabimba

Sababu ya safari yangu ilikuwa mikebe ya tomate. Mama wenzangu wa masomo ya mangaribi munaijua habari, lakini kwa wale wa kanisani waliosikia tu kama Mama Neema amekwenda Kabimba kupiga bastola, acha nianzie mwanzo, ili musiendelee kuniombea kwa woga.

Mwalimu wetu wa hesabu, Papa Prosper, iko na bastola ya hewa. Haina baruti, haina moshi. Unaikunja katikati, unairudisha, hewa inafungika ndani; unaweka kipande cha risasi kidogo sawa punje ya mutama, basi. Kila siku ya ine ya juma, hesabu zikiisha, sisi mama tano tulikuwa tunapanga mikebe ya tomate juu ya ukuta wa uwanja na kuiangusha. Siku ya kwanza nilishika ile kitu mikono ikitetemeka, maana sisi hapa tunajua kukimbia milio ya bunduki na watoto mugongoni. Halafu mukebe ukaanguka, tin, na nikacheka mpaka nikakaa chini. Bunduki ya kuchekesha muntu: sikujua kama iko moja duniani.

Lakini mukebe ukishatobolewa mara nyingi hauanguki tena. Risasi inapita mu tundu na mukebe unakuangalia tu. Papa Prosper akatuambia kama ku Kabimba kuna muntu wa kuunganisha vyuma, Papa Mulongo, amekata wanyama makumi mbili wa chuma: kuku tano, nguruwe tano, dindon tano, njo bata mzinga, na kondoo tano. Kuku ni sawa boksi ya viberiti, kondoo ni sawa kiganja. Kila mwaka watu wanakuja kushindana pale, na mwenye kushinda anabeba wanyama wote kwao mpaka mwaka unaofuata. Mukanichagua mimi. Haikuwa kwa sababu napiga kuliko nyinyi. Mulisema mimi njo nimeacha kutetemeka. "Lete wanyama," mukasema, sawa munanituma sokoni.

Mume wangu alipopata habari aliweka kikombe cha chai chini. "Miaka hii yote nakuogopa bila bunduki," akasema. "Sasa nitakimbilia wapi?"

Siku ya ine, saa kumi na mbili asubui, nilikuwa ku bandari ya Kalemie na bastola ndani ya kitenge. Papa wa kukagua mizigo akauliza, "Mama, mu kile kifurushi kuna nini?"

"Bastola, papa."

Watu wote wa boti wakahamia upande mumoja, na boti ikalala kidogo. Nikatoa karatasi ya ruhusa. Akaisoma.

"Unaenda kupiga nini?"

"Kuku, nguruwe, dindon na kondoo."

"Za nani?"

"Za Papa Mulongo. Ni za chuma."

Akaisoma karatasi tena kuanzia juu. "Wewe si njo ule mama anaombeaka wagonjwa?"

"Njo mimi."

"Basi panda. Lakini ukae mbali na moteri."

Ziwa lilikuwa laini. Tulifuata ukingo kwenda kaskazini, milima kushoto, maji kuume mpaka macho yanachoka. Mama mumoja mwenye beseni la ndakala, samaki wadogo wa kukausha, alisogea karibu nami kidogo kidogo, mpaka goti lake likagusa langu. "Kwa kweli ni hewa tu?" akauliza. Nikamuambia ni hewa. "Hewa ya Mungu, ile tunavutaka?" Nikasema hakuna ingine. Akafikiri, kiisha akaomba kuishika. Alipoishika alianza kucheka, na sisi wawili tukacheka hivyo mpaka tukaona milima myeupe ya chokaa na vumbi la Kabimba.

Saa tisa nilifika kwa Papa Mulongo. Ni muntu mufupi, mikono imejaa alama za moto wa kazi. Muke wake, Mama Stefania, alinipokea mufuko, akanipa maji ya kunawa, lakini mume hakutaka nikae kwanza. Akanipeleka nyuma ya nyumba. Uwanja wake unaangalia mulima. Mwisho wake kuna lundo la udongo la kukamata risasi, mbele yake mbao zilizopakwa chokaa nyeupe kabisa, na juu ya vyuma virefu wanyama wamesimama mu mistari, weusi, wembamba, kila mumoja akitazama kuume. Kuku njo wa karibu, kondoo njo wa mbali, hatua makumi mbili hivi. Nilishika mudomo. Mikebe yetu ilinitia haya.

"Unapiga kutoka kushoto kwenda kuume," akasema. "Kila mumoja risasi moja. Ukiruka mumoja, umekosa. Anayeanguka anahesabiwa."

"Na akilia bila kuanguka?"

"Alie, acheze, azunguke. Hajaanguka, bado iko muzima."

Mangaribi Mama Stefania akaleta nyama ya nguruwe. Nikaeleza kwa heshima kama sisi tunaoshika Sabato hatulaka nguruwe. Akairudisha bila neno baya, akaleta mikebuka, samaki wa ziwa letu, na bukari ya unga wa muhogo. Papa Mulongo ndiye aliyeacha kula.

"Mama Neema, nguruwe haulaka, lakini umetoka Kalemie kuja kumupiga?"

"Sitamula. Nitamuangusha tu."

Mama Stefania akacheka mpaka akaomba maji.

Siku ya tano asubui tulianza. Watu walikuwa wengi, wanaume karibu wote, na kila nikikaribia mustari kulikuwa na kikohozi nyuma. Kuku niliangusha ine. Nikafikia nguruwe, na pale sijui nini kiliniingia, niliangusha zote tano moja kwa moja, na mutu wa nyuma akasema, "Huyu mama iko na kesi nazo." Nilicheka sana mpaka dindon mbili zikaniponyoka. Saa nane hesabu ilionyesha kama mimi na Papa Mulongo tuko sawasawa juu ya wengine wote. Akasema tumalize palepale, kondoo tano kila mutu. Hajamaliza kusema, mvua ikashuka kama imemwagwa na karai.

Tulijibana chini ya mabati. "Sawa," akasema, "kesho saa tatu asubui."

"Kesho ni Sabato, Papa."

"Saa nane?"

"Hata saa nane ni Sabato."

"Siku ya mungu?"

"Nyinyi muko ku misa, na boti yangu inaondoka mapema."

Mutu mumoja akasema basi, Mama ameacha, wanyama wanabaki. Nikasema sijaacha kitu. Kesho jua likishalala, Sabato imeisha, nitapiga.

"Jua likilala utaona nini?" Papa Mulongo akauliza.

"Nitaona kile kitabaki kuonekana."

Alikuna kichwa. Kiisha akakubali, kwa sharti moja: yeye atapiga saa anayotaka, mimi nitapiga saa yangu, na mwenye kuangusha kondoo nyingi anabeba.

Siku ya posho, Sabato yenyewe, nilikaa mu nyumba na Biblia yangu. Sikwenda uwanjani, maana najua moyo wangu. Lakini masikio hayafungikaki. Saa kumi nikasikia tin, na chuma kuanguka. Tena, na tena, na mara ya ine. Ya tano sikusikia kitu. Nikarudi mu Zaburi, na ninaungama hapa mbele yenu kama nilisoma mustari umoja mara sita.

Papa Mulongo akaingia akipangusa macho. "Jua lilinikaa usoni pale kwa ya mwisho."

"Nani alijenga uwanja kuangalia jua?" Mama Stefania akamuuliza.

"Mimi."

"Basi kunywa maji."

Sasa sikilizeni vizuri, hapa njo mahali palinibana. Saa kumi na moja na nusu jua likaingia nyuma ya mulima. Kivuli kikashuka juu ya uwanja, na mwanga ukawa mwanga ambao muntu wa bastola anaombeaka usiku na mchana: hakuna jua la kupiga macho, mbingu ingali nyeupe, kondoo zimesimama juu ya chokaa sawa zimechorwa na makaa. Wakaniita. Nikatoka.

"Jua limelala, Mama. Piga."

Nikageuka nyuma kuangalia ziwa. Mbali kabisa kulikuwa na boti moja, na ile boti ilikuwa ya manjano, inang'aa.

"Ile boti iko bado mu jua," nikasema.

"Lakini wewe hauko ku boti."

Watu wakacheka, na mimi pia. "Mulima tu njo umetuficha," nikasema. "Jua halijalala. Sabato yangu na ya wale wa ku boti ni moja."

Papa Mulongo akanivuta pembeni, akasema polepole, "Mama Neema, nakuambia kama ndugu. Piga sasa. Nilikosa kwa sababu ya jua, sipendi kushinda kwa sababu ya giza."

Kidole changu kilikuwa kinaniwasha. Niliwaona nyinyi ine na mikebe yenu yenye matundu. Nikamuambia, "Aksanti, Papa. Tungoje boti."

Basi tukangoja boti. Fikirini wale watu wote, wamezipa kondoo mugongo, macho ku ziwa, wanachungulia boti ya watu wasiowajua. "Imeanza kuzima upande wa mbele." "Hapana, ni wingu." "Kapiteni, ongeza mwendo, ingia mu giza." Mama Stefania alileta karanga. Mutu akaonyesha mawingu mekundu juu kabisa na kuuliza, na yale nayo tutayangoja? Nikasema mawingu sitayahesabu, na wakapiga makofi sawa nimewasamehe deni. Kiisha ile boti ikageuka kijivu, mara moja, sawa muntu amepuliza taa.

"Imelala," wakasema wote pamoja.

Niliomba kwa kifupi, macho wazi, maana hapakuwa na nafasi ya kuyafunga. Chokaa ilikuwa bado inaonekana, kijivu. Kondoo zilikuwa madoa. Ya kwanza: tin, ikaanguka. Ya pili ikaanguka. Nyuma yangu hakuna aliyekohoa tena. Ya tatu sikuiona ikienda, niliisikia. Ya ine niliipiga nikishikilia pumzi mpaka masikio yakalia, ikaenda nayo. Ya tano sikuona kichwa wala mukia, niliona tu mahali ambapo weupe unakosa. Nikavuta.

Tin.

Walipiga kelele, Mama Stefania akanikamata shingo, tukazunguka pale mara mbili. Papa Mulongo peke yake alikwenda mbele na kupapasa chuma kwa kiganja, polepole, kushoto kwenda kuume. Mwisho akasimama.

"Hii iko wima," akasema.

Mama Stefania akaniachia shingo.

"Umemupiga ku miguu. Amezunguka." Akainama karibu kabisa. "Wote walikuwa wanaangalia kaskazini. Huyu sasa anaangalia Kalemie."

Ine kwa ine. Giza limeshika, kupiga tena haiwezekani. Nilijua sheria: bila mushindi wanyama wanabaki kwa mwenyewe, na nilianza kufungua bastola niiweke mu kitenge. Papa Mulongo akarudi, amebeba kondoo zote tano kifuani.

"Tumelingana, tunagawana. Kondoo na kuku, Kalemie. Dindon zitabaki, Stefania anazipenda. Na nguruwe zibaki kwangu. Wewe hauna kazi nazo."

"Mwaka ujao nitazirudisha," nikasema.

"Lazima. Kundi langu siyo la kukaa nusu nusu."

Siku ya mungu alfajiri Mama Stefania alinisindikiza mpaka ku boti na mikebuka ya kukausha. Moyoni nilikuwa mwepesi, nikamuimbia dereva wa boti nyimbo zote ninazozijua, na hakuniomba ninyamaze mpaka tulipoona Kalemie. Bandarini, papa wa mizigo alikuwa palepale.

"Umeua ngapi?"

"Kondoo ine. Ya tano imekuja kwa mapenzi yake."

Sasa mumeziona wenyewe, ziko juu ya ukuta wa uwanja wa masomo, na mikebe tumeitupa. Munaniuliza kila siku: kama ungepiga mu ule mwanga muzuri, si ungeangusha zote tano, tukapata na nguruwe? Naamini ndiyo. Ningezileta zote makumi mbili, na njia yote ningekaa na macho chini, kwa sababu ya boti moja ya watu ambao hata hawakujua kama ninawaangalia. Nilichojifunza njo hicho tu: kungoja kunaweza kukuacha na kondoo moja iliyosimama, na bado ukarudi nyumbani unaimba.

Ile ya tano tunaipangaka mwisho wa mustari. Nimewaomba musiigeuze, iendelee kuangalia huku kwetu.