Eliudi na Video ya Harusi ya Judith

Kabla kiharusi hakijamwangusha, Eliudi Simbeye alikuwa wakala wa forodha ambaye madereva wa malori walimtafuta kwa jina. Miaka kumi na tisa alishughulikia nyaraka za mizigo pale Tunduma, na hapakuwa na fomu iliyomshinda. Kisha asubuhi moja ya masika akadondoka mlangoni pa ofisi, kalamu mkononi. Alipozinduka hospitalini, mkono wa kulia ulikuwa kama wa mtu mwingine na ulimi umefungwa. Akili haikuguswa hata kidogo. Hilo ndilo ambalo watu wa nyumbani kwake, mtaa wa Chapwa, hawakulielewa, au hawakutaka kulielewa.

Mkewe, Scola, alizoea kumsemea mbele ya watu. "Huyo hasikii vizuri," alisema, naye Eliudi amekaa pale pale, anasikia mpaka nzi.

Binti yao wa pekee, Judith, alipochumbiwa na kijana wa Nakonde, ng'ambo tu ya mpaka, mazungumzo ya mahari yalifanyika kwa Yonasi, mdogo wake Eliudi. Wewe pumzika, kaka, aliambiwa. Siku ya harusi Scola alimvika shati safi, akamkalisha kibarazani na chupa ya uji.

"Foleni ya mpakani ni ndefu, baba Judith. Jua litakuua. Tutakuletea video."

Video ilikuja baada ya wiki tatu, imo kwenye flashi. Scola akaichomeka kwenye kompyuta ya mezani ambayo Eliudi aliinunua enzi za kazi. Picha ikasogea kidogo, ikaganda, ikaruka. Sauti ikatangulia mbele, kwaya inaimba huku picha bado inaonyesha watu wanashuka kwenye magari.

"Kompyuta yako nayo imepooza," Scola alisema. Jioni hiyo akaenda kuitazama kwenye televisheni ya Yonasi. Aliporudi, aliitupa flashi mezani mbele ya mumewe. "Haya, hangaika nayo. Angalau utapata kazi ya kufanya."

Alihangaika nayo kweli. Kesho yake asubuhi aliketi mbele ya mashine, mkono wa kushoto juu ya kipanya. Kwanza alifunga programu zote zilizofunguka zenyewe. Picha bado iliganda. Akafikiri labda flashi ndiyo inayosoma polepole, akainakili video yote kwenye diski ya kompyuta. Ikawa nafuu, lakini haikupona. Akagusa ubavu wa mashine, akakuta inawaka moto kama pasi. Alichukua nusu siku kufungua skrubu nne kwa mkono mmoja, akiwa ameibana mashine kwa magoti. Ndani, feni ilikuwa imezibwa na vumbi jekundu la Tunduma. Akalitoa kwa mswaki wa zamani.

Siku ya tatu ndipo alipoujua ugonjwa wenyewe. Mpiga picha alirekodi kwa kamera ya kisasa, picha kubwa mno, na mashine yake ya zamani haikuwa na ubavu wa kuzifungua kwa kasi ile. Akakumbuka programu aliyokuwa akiitumia ofisini kupunguza ukubwa wa mafaili. Akaiweka video humo, iwe ndogo. Kazi ilikwenda tangu saa mbili asubuhi. Umeme ukakatika saa sita, akaanza upya. Kesho yake mchana ikamalizika.

Akabonyeza. Video ikatiririka kama maji. Eliudi alicheka peke yake, cheko la upande mmoja wa uso. Judith aliingia ukumbini amependeza, na kidevu kile kilikuwa cha mama yake Eliudi kabisa. Aliyemshika mkono alikuwa Yonasi. Sawa, aliwaza, ni baba yake mdogo.

Katikati ya sherehe mshereheshaji akasema, "Naomba wote tusimame." Watu wakasimama. Kisha picha ikaganda, na sauti ikapotea.

Eliudi alisonya. Kazi yote ile! Akasogeza kipanya aifunge, ndipo akaona sekunde chini ya picha zinaendelea kuhesabu. Akatazama tena. Pazia nyuma ya maharusi lilikuwa linapepea. Mtoto mmoja alikuwa anajikuna shingo. Video haikuwa imeganda. Watu ndio waliosimama kimya, vichwa vimeinama.

"Asanteni," mshereheshaji alisema. "Mungu ailaze mahali pema roho ya baba wa bibi harusi, marehemu mzee Eliudi Simbeye."

"Amina," ukumbi ukaitikia. Scola pia aliitikia, midomo yake ilionekana. Judith alijifuta macho kwa kitambaa. Yalikuwa makavu.

Scola aliisikia sauti kutoka uani, akaingia na mikono ya povu.

"Umeifanyaje hadi ikacheza?" Hilo ndilo lililokuwa swali lake la kwanza. Kisha akakaa. "Sasa ulitaka tusemeje? Wakwe walianza kuuliza kama ni ugonjwa wa ukoo. Judith mwenyewe ndiye aliyesema umekufa. Mimi nilimfuata tu."

"Ni... niko... ko..." Eliudi alisukuma neno kwa nguvu zake zote. Niko hai, alitaka kusema.

"Choo?" Scola alisimama. "Sema basi kama unataka choo."

Jumamosi mbili baadaye wakwe walikuja kutoka Nakonde pamoja na Judith. Eliudi aliambiwa abaki chumba cha nyuma. Alitumia asubuhi nzima kuvaa, kifungo kimoja kimoja kwa mkono wa kushoto, na waliposhaketi mezani akatokea sebuleni na fimbo yake.

Mzee Raphaeli, baba wa bwana harusi, aliinuka kwa heshima. "Mulishani, batata," alimwamkia kwa Kibemba, yaani hujambo baba, kama mtu anavyomwamkia mzee anayelingana na baba yake. Kisha akamgeukia Judith. "Huyu ni nani wetu?"

Judith alikuwa amepiga magoti, ananawisha wageni. Maji yalisita kidogo kwenye jagi.

"Mjomba. Kaka yake mama, wa Saza. Aliugulia huko machimboni."

"Ba... ba..." Eliudi alijipiga kifua. Baba. Baba yake. "Ba... ba..."

Mzee Raphaeli alitabasamu kwa furaha. "Ananirudishia salamu! Ee, batata, asante. Usijisumbue."

Judith akaweka jagi chini, akamshika kiwiko taratibu, kama binti mwema, akamrudisha nyuma. Mlangoni alimsogelea sikioni.

"Ukitoka tena, baba, mimi hapa hutaniona."

Akafunga mlango. Eliudi alikaa ukingoni mwa kitanda na shati lake safi. Kutoka sebuleni alisikia sahani, kisha sauti ya mzee Raphaeli ikiuliza marehemu alikuwa mtu wa namna gani.

"Mpole," Scola alijibu. "Mchapakazi. Mwenye akili sana. Hakuna kilichokuwa kinamshinda."

Tangu augue, Eliudi hakuwahi kumsikia mkewe akimsema vizuri hivyo.