Wa Kukaa Dirishani

Meneja aliniambia nitakwenda Geita siku nitakapopata mtu wa kukaa dirishani badala yangu, na kwamba mtu huyo nimtafute mwenyewe. Alisema hivyo huku akipapasa mezani kutafuta miwani yake, bila kunitazama, kama mtu anayeagiza chai.

"Ukimpata kabla ununuzi haujaanza, binti, unaondoka na lori la magunia. Usipompata, tutaonana msimu ujao."

Ilikuwa ofisi ya pamba, mjini Shinyanga, katika miaka ile ambayo sabuni ilipatikana kwa kujuana na utepe wa taipureta tuliugeuza upande wa pili mpaka ukachanika. Dirisha lilitazama barazani. Wakulima walikuja tangu asubuhi kuuliza mbegu zimekwama wapi, au gari la kuchukua pamba kijijini kwao litafika lini. Kazi ya karani wa dirishani ilikuwa kuwasikiliza, kuandika shida ya kila mmoja, kumwelekeza chumba, kisha kuchapa barua zilizotokana na hayo yote. Ndiyo kazi ya chini kabisa ofisini ukiacha ya tarishi, na mimi niliifanya kana kwamba nchi nzima ingeanguka nikikosea.

Geita niliitaka mno. Shinyanga nililala kwa shangazi, chumba kimoja na binti zake, na kila barua niliyoichapa ilitiwa sahihi na mtu mwingine. Kule kulikuwa na ofisi ndogo, chumba cha kulala nyuma yake, na karani wa pale ndiye aliyetia sahihi barua zake mwenyewe. Watu wa ofisini walinitania kwamba nakwenda kuchimba, nitarudi na meno ya dhahabu. Nilicheka nao, lakini nilikuwa nimekwisha anza kujizoeza sahihi yangu kwenye vipande vya gazeti.

Sikusoma zaidi ya darasa la saba. Kuchapa nilijifundisha kwa kuchora vitufe vyote kwenye boksi la sabuni na kuvigonga kwa vidole jikoni kwa shangazi, mpaka nilipoajiriwa na kukaa mbele ya mashine yenyewe nikakuta vidole vinajua njia. Labda ndiyo sababu sikuwahi kujiamini. Mtu aliyefundishwa na mwalimu anajua alipofika. Mimi sikujua, kwa hiyo niliogopa kila kitu. Nilirudia barua nzima kwa sababu ya doa moja, na karatasi zilivyokuwa adimu, zile nilizoharibu nilizikunja na kuzificha kwenye mkoba nisionekane. Mara nyingi nilifika sokoni nikarudi ofisini kutikisa kufuli nililokuwa nimekwisha litikisa.

Mtu wa namna hiyo ndiye aliyepewa kazi ya kuchagua.

Habari zilienea na waombaji wakaja. Niliwasomea imla, niliwapa barua wachape, niliwachanganyia majalada ili wayapange. Mmoja aliandika vizuri lakini alilowesha kidole kwa mate kila alipofunua karatasi, nikamwacha. Mwingine alichapa vizuri lakini hakurudisha kiti mahali pake. Mwingine sikumpenda tu alivyoshika kalamu, nikajitafutia sababu nyingine ya kuandika. Kila jioni nilimwambia meneja bado, na kila asubuhi nilitazama uani kuona magunia yamepangwa mpaka wapi.

"Unatafuta karani," aliniuliza siku moja, "au unatafuta mchumba?"

Walibaki wawili.

Wa kwanza alikuwa binti wa mwenye duka kutoka Nyasubi, Kahama, aliyekuja kukaa kwa kaka yake mjini. Alikuwa na kidato cha nne. Aliketi kabla sijamkaribisha, akavua kiatu kilichombana, akanichapia barua kwa kasi ambayo mimi sijawahi kuifikia, na ndani yake makosa yamelala kama mchanga kwenye mchele. Nilipomwonyesha alitazama, akatabasamu.

"Aah, dada. Si wataelewa tu?"

Maneno hayo nilikwenda nayo nyumbani yakaninyima hamu ya kula.

Wa pili alikuwa kijana wa Kisukuma aliyeishi kwa mjomba wake upande wa pili wa mji. Alikuwa wa darasa la saba kama mimi. Alichapa polepole. Kabla ya kuingiza karatasi aliipiga piga mezani mpaka kingo zikalingana, akaweka kaboni, akaitoa, akaiweka tena kwa sababu pembe moja ilikuwa imekunjika. Nilipomsomea imla aliniomba nirudie jina la kijiji ambalo hata mimi sikuwa na hakika nalo. Nilimtazama mpaka akamaliza. Nilijiona mimi mwenyewe nimeketi pale, nimevaa suruali. Siku hiyo nilimaliza kazi mapema na sikurudi kutikisa kufuli.

Lakini sikuweza kuacha bila jaribio la mwisho. Niliamua kila mmoja akae dirishani asubuhi moja, mimi nikiwa nyuma yake.

Binti alianza. Asubuhi ile baraza lilikuwa na kelele kama la harusi. Kisukuma chake kilikuwa kibovu kuliko changu, watu wakamsahihisha, naye akarudia kwa sauti na kukosea tena. Mzee mmoja alimgombeza kwamba watoto wa siku hizi hawajui kuamkia.

"Shikamoo tena, babu," alimjibu. "Ile ya kwanza ilikuwa ndogo."

Mzee alicheka mpaka akashika nguzo. Binti alimpeleka mtu wa mbegu kwenye chumba cha dawa, akamrudisha, akamwomba radhi, na wala yule mtu hakukasirika. Mimi niliyekuwa nyuma nilikuwa natokwa jasho.

Kesho yake ilikuwa zamu ya kijana. Alifika kabla ya tarishi. Aliwasalimia watu kwa utaratibu wao wote, mwangaluka na maswali yanayofuata, ng'ombe, watoto, mvua, na huku anauliza kalamu yake inaandika. Foleni ilikwenda kimyakimya. Sikuona kosa. Nilikuwa nimekwisha anza kuwaza nitafunga nini kwenye sanduku langu, gauni lipi nivae safarini, ndipo alipokoma katikati ya sentensi.

Alikuwa ametazama nje. Aliweka kalamu chini, akasimama, akanipita, akatoka kwa mlango wa nyuma. Mkulima aliyekuwa akieleza shida yake alibaki na mdomo wazi.

Nilimngoja. Hakurudi. Nikaketi dirishani mwenyewe, nikamalizana na yule mkulima, na nyuma yake alikuwapo mama mmoja wa makamo, kanga kichwani, ameligeuzia dirisha mgongo. Nilimwamkia. Aliitikia marahaba akiitazama nguzo ya baraza. Shida yake ilikuwa bomba la kunyunyizia dawa lililovunjika, nayo aliieleza yote kwa ile nguzo. Alipokwisha kuondoka nilimwachia tarishi dirisha nikaenda nyuma nikiwa nimefura. Nilikuwa nimechagua, halafu mtu wangu anakimbia kazi mbele ya foleni.

Nilimkuta karibu na tangi la maji, ameuelekea ukuta.

"Ameondoka?" aliuliza bila kugeuka.

"Nani?"

"Yule mama."

"Ameondoka. Ni mama yako?"

"Ni mama wa mke wangu, dada."

Mimi nilizaliwa mjini. Babu yangu alikuja na biashara kutoka pwani, na nyumbani kwetu mkwe anapokelewa mkoba akaandaliwa kitanda. Nilijua kwamba Wasukuma wana heshima zao za ukwe, nilikuwa nimewaona wanaume wakiacha njia na kuingia shambani ili mama mkwe apite. Nilijua hilo kama ninavyojua kwamba kuna bahari. Lilikuwa halijapata kuingia ofisini mwangu.

"Ungeniambia," nilisema.

"Ningekuambia saa ngapi? Alikuwa amefika."

"Basi ungeinamisha uso ukaandika."

"Nimuulize mama mkwe wangu una shida gani, jina lako nani, simama pembeni, anafuata nani?" Aligeuka sasa, akanitazama kama mtu anayemhurumia mtoto. "Wewe ungeweza?"

"Anakaa wapi?"

"Didia."

Watu wa Didia walikuwa dirishani kwetu kila wiki.

"Atarudi?"

Angeweza kusema hapana. Nadhani nilitaka aseme hapana. "Ni mkulima wa pamba," alisema. "Atarudi. Na baba mkwe naye, na dada zake mke wangu. Wote wanalima."

Nilikwenda kwa meneja. Nilimweleza nikiwa nimesimama, naye, Msukuma wa mbali kidogo na mji, alianza kucheka kabla sijafika mwisho, akacheka mpaka akakohoa.

"Hukumuuliza ameoa wapi?"

"Kwenye usaili, mzee?"

"Sasa ungemuulizia wapi, msibani? Umempima kuchapa, umempima kiti, umempima kucha. Hilo tu hukuuliza." Alijifuta macho. "Wewe unadhani kwa nini kila nikitaka kutoka nakutuma ukaangalie nani yuko barazani?"

"Nilidhani unawakwepa wenye malalamiko."

"Na hao pia."

Nilimwomba kijana aajiriwe akae ndani achape tu. Alisema nafasi ni moja na iko dirishani. Nikamwomba basi amkumbuke ikitokea kazi katika ofisi iliyo mbali na wakwe zake.

"Ipo," alisema. "Geita. Kule hana mkwe hata mmoja, na kazi yake umesema haina doa. Naweza kumpeleka yeye akajifunze, wewe ukabaki hapa na dirisha lako. Unataka?"

Hakucheka. Mpaka leo sijui kama alikuwa anatania, kwa maana alikuwa mtu wa kutania kwa uso mkavu. Nilisikia magunia yakitupwa uani. Nilimtazama mkono, nikatazama kalenda ukutani.

"Sitaki," nilisema.

"Basi chagua."

Nilizunguka mji jioni ile mpaka miguu ikauma. Nilijaribu kila njia. Tarishi awe anachungulia baraza kwanza? Tarishi alikuwa njiani nusu ya siku. Kijana azoee? Nilimwona tena akiwa ameuelekea ukuta, nikajua hatazoea, na kwamba akizoea, kijijini hatakuwa na pa kuweka uso. Kisha niliwaza barua zikiondoka ofisini mwetu na makosa yake binti, zikifunguliwa Mwanza na Dar es Salaam, na watu wakisema karani wa Shinyanga hajui kazi. Wangenifikiria mimi. Nilikuwa bado sijaondoka na tayari nilikuwa naona aibu ya barua ambazo hazijaandikwa. Ndipo nikakumbuka kwamba kwa muda wote niliokaa dirishani hakuna mzee aliyewahi kushika nguzo kwa kucheka. Walinisalimia, wakaeleza, wakaenda. Nilikuwa sijakosea kitu, na hakuna aliyenitazama mara ya pili. Wazo hilo halikunituliza. Lilinikera.

Asubuhi nilimwandika binti kazi.

Kijana nilimwambia mwenyewe, kule kule nyuma, kwa sababu alikuja akapitia mlango wa nyuma. Alinisikiliza mikono nyuma kama mwanafunzi.

"Ungenipa ningechukua," alisema. "Ningekuwa nakimbia na kurudi. Lakini ningechukua. Nyumbani nimekwisha waambia."

"Ungeniambia tangu mwanzo kuhusu wakwe."

"Na wewe ungeuliza tangu mwanzo. Mtu yeyote wa kwetu angeuliza." Hakusema kwa hasira. "Huko Geita unakokwenda, kazi ni ya dirishani pia?"

Nikasema ndiyo, kidogo. Akatikisa kichwa taratibu, akaniaga kwa heshima, akaondoka kwa njia ya nyuma ya tangi. Sikujua kama meneja alikuwa amemwambia neno kuhusu Geita. Sikuuliza.

Lori liliondoka Jumamosi. Binti alikuwa dirishani, kiatu kimoja amevua, anapiga soga na watu waliokuwa wamekaa tu, hawana hata shida ya kueleza. Niliingia mara mbili kumwonyesha kaboni zinavyolazwa. Mara ya tatu dereva alipiga honi.

"Nenda, dada," binti alisema. "Nikikwama nitakuandikia."

Njia nzima nilimsimulia dereva mambo ya ofisi. Alikuwa mtu mpole, aliitikia tu. Tulipofika Kagongwa alisimama kushusha magunia, na ng'ambo ya barabara kulikuwa na lori jingine la kwetu, limetoka Kahama linakwenda Shinyanga.

"Dada," alisema, "tangu tumeondoka ni kaboni, kaboni. Lile pale linarudi. Nikuombee nafasi?"

Nilishuka. Nilivuka barabara, nikamwomba dereva wa lori lile anifikishie maneno kwa binti wa dirishani: jina la kijiji aulize mara mbili. Akasema sawa. Na majalada ya mbegu yako chini, si juu. Sawa. Na akiondoka atikise kufuli. Na meneja akimtuma kuangalia baraza asicheke, aangalie kweli. Na kuna kijana mmoja, nikaanza, akija ofisini, akija kuuliza kama kuna nafasi, amwambie—

Yule dereva alikuwa amekwisha washa injini. "Dada, mimi ni dereva," alisema, "si barua."

Nilisimama pale mpaka vumbi lake lilipokwisha kupita. Maneno niliyotaka amwambie kijana sikuwa nayo, hata angengoja. Nafasi iliyokuwapo ilikuwa yangu, na nilikuwa ninakwenda nayo.

Nilirudi nikapanda. Dereva wangu aliuliza kama nimemaliza.

"Bado," nilimwambia. "Lakini twende."